Kilo Mia Moja Kumi na Tatu na Robo

Angeline Mukiri amepima vitunguu, viazi na maharagwe katika soko la Ruiri, kule Meru, kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda huo wote hajawahi kumsamehe mtu robo kilo. Muuzaji akilalamika, anapima tena. Mnunuzi akilalamika, anapima tena. Wote wawili wakilalamika kwa pamoja, anakaa juu ya mizani mwenyewe, anawasomea uzito wake kwa sauti, kisha anawauliza kama kuna jambo lingine.

Mizani yenyewe ni ile ya chuma ya zamani, yenye bamba la kukanyagia chini na mkono wa kusukuma vipimo juu. Kila mwaka maafisa wa vipimo huja na mawe yao, huijaribu, kisha huigonga muhuri. Cheti chake amekining'iniza kwa kamba ndani ya karatasi ya nailoni, mahali ambapo hata anayepita na punda anaweza kukisoma. Wanunuzi walipoanza kuja na lumbesa, yale magunia ya viazi yanayovishwa kilemba cha neti juu mpaka gunia moja linakaribia kuwa mawili, ni yeye aliyesimama mbele ya lori na kusema hakuna kinachopakiwa kabla hakijapanda pale. Dereva alipiga honi nusu saa. Baadaye alishuka na kusaidia kubeba.

Mzaliwa wake wa kwanza anaitwa Kiunga, kwa hiyo sokoni yeye ni Mama Kiunga. Mumewe, Kiogora, anafuga mbuzi na huongea mara chache, na akiongea huwa ni juu ya mbuzi.

Mtu aliyemtoa Mama Kiunga kwenye vitunguu na kumpeleka kwenye mambo ya angani ni Lorna, binti wa kaka yake. Lorna alikuwa ameposwa na Gedion Muchangi, kijana wa mtaa wa Dallas kule Embu, agenti wa bima, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Harusi ilikuwa ifanyike Aprili, nyumbani kwa kina Lorna. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri hadi Gedion alipoona kwenye simu video ya bwana harusi mmoja wa nchi za mbali akishuka kwa parachuti mbele ya kanisa. Tangu siku hiyo hakutaka tena kuja na gari.

"Mimi nataka aingie kwa mlango kama watu wengine," Lorna alimwambia shangazi yake, ambaye humwita tata. "Lakini tata, ukimwambia hapana, anaona kama umemwambia bado."

Mwezi Februari Gedion akapata tangazo. Kampuni iitwayo Juu Kabisa Adventures ingekuja Jumamosi moja kwenye uwanja wa ndege wa zamani huko chini ya Ruiri, ambapo zamani ndege ya kunyunyizia ngano dawa ilikuwa ikitua na siku hizi wanatua ng'ombe. Ungefungwa kifuani kwa mwalimu, mngeruka pamoja, mngeshuka pamoja. Gedion alijiandikisha kwa majaribio, akaandikisha na marafiki wanne.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo simu ya Mama Kiunga ililia akiwa anafagia maganda ya vitunguu.

"Tata, hawa watu wa ndege mizani yao imepasuka," Lorna alisema. "Ilikuwa ile ya kioo ya bafuni. Waliiweka juu ya jiwe, Gedion akaikanyaga. Nimewaambia wewe uko na mizani."

"Wanataka kupima nini?"

"Watu."

Mama Kiunga alifikiri kidogo. Hakuona sababu ya watu kutopimika. Alifunga mizani nyuma ya bodaboda kwa mpira, akapanda katikati yake na dereva, na baada ya dakika ishirini za vumbi akafika.

Ndege ilikuwepo, ndogo, nyeupe, imesimama kwenye nyasi fupi. Rubani alikuwa amelala chini ya bawa, kofia usoni. Kulikuwa na hema moja, spika moja ya muziki, na mtu mmoja mrefu mwenye miwani ya jua na shati lenye mistari minne mabegani. Huyo ndiye Riungu, mwenye kampuni. Watu walimwita Kepteni, ingawa ndege ilikuwa ya huyo aliyelala.

"Karibu sana, mama," Riungu alisema. "Weka hapo. Sisi tunataka tu namba, tuanze."

Mama Kiunga alisawazisha mizani yake kwa vijiwe, akaijaribu, kisha akanyoosha mgongo na kuangalia pande zote, kama anavyofanya popote anapofika. Pembeni ya uwanja kulikuwa na mti umechomekwa, na juu yake kumefungwa kitu chekundu kilichoning'inia bila kutikisika. Alikitambua mara moja.

"Ile neti ya vitunguu ni ya nini?"

"Ni ya kuonyesha upepo," Riungu alisema. "Ukiiona imelala hivyo, ujue upepo hakuna."

Wakati huohuo kofia ya rubani iliondoka usoni mwake, ikaviringika kwenye nyasi na kusimama kwenye kichuguu.

"Neti haishiki upepo," Mama Kiunga alisema. "Ndiyo sababu tunaweka vitunguu ndani yake. Vipate hewa."

Riungu alicheka, akaongeza sauti ya muziki.

Kazi ya kupima ikaanza. Mama Kiunga aligundua kwamba vitunguu ni vyepesi kuvishughulikia kwa sababu havijaribu kumdanganya mtu. Msichana mmoja wa benki alivua viatu, mkufu na saa, halafu akatoa simu mfukoni na kumpa mwenzake kana kwamba anamwachia mtoto. Kijana mmoja alipanda akashikilia nguzo ya hema kwa kidole. Mama Kiunga alingoja tu, mkono kiunoni, mpaka kidole kikachoka. Kila uzito aliusoma kwa sauti na kuuandika katika daftari la shule ambalo Riungu alimpa. Daftari hilohilo ndimo watu walikuwa wameandika majina na namba za simu. Hakukuwa na kitu kingine ndani yake.

Kisha akapanda Gedion.

Kumpima mchumba wa mtoto wa kaka yako mbele ya marafiki zake si jambo jepesi, na Mama Kiunga aliliona hilo. Alitazama kando kwa heshima alipokuwa akisukuma kipimo. Alisukuma, akasukuma tena, akaongeza jiwe.

"Mia moja kumi na tatu," alisema. "Na robo."

Marafiki walikaa kimya kwa adabu, lakini adabu ikawashinda.

"Ni jaketi," Gedion alisema.

"Kwenye bango lenu pale mmeandika mwisho ni mia," Mama Kiunga alimwambia Riungu.

"Andika tisini na nane, mama. Hiyo ingine ni jaketi, kama anavyosema."

"Jaketi haina kilo kumi na tano."

"Sasa mama, parachuti haijui kusoma."

Watu walicheka, hata Gedion. Mama Kiunga hakucheka. Aliandika mia moja kumi na tatu na robo, akapiga mstari chini yake. Halafu akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa.

"Na hiyo parachuti yenu, muhuri wake uko wapi?"

"Muhuri gani?"

"Hii mizani nikikaa nayo bila muhuri wa mwaka huu, nashikwa. Na hii inapima viazi tu, ikikosea mtu anapoteza viazi. Hiyo yenu inabeba huyu kijana. Mwenye kuikagua ni nani, na alikuja lini?"

Riungu alianza maelezo marefu juu ya uzoefu wake. Mama Kiunga hakuwa anamwangalia. Alikuwa anamwangalia mwalimu wa kuruka, mtu mwembamba aitwaye Mbae, ambaye tangu asubuhi alikuwa amepiga magoti kando ya mikanda yake bila kusema lolote. Mbae alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika kituo cha kuruka kule pwani, na Riungu alikuwa amemkodi kwa wikendi hiyo tu.

Mbae alifungua kimfuko kidogo kwenye mgongo wa ule mzigo wa parachuti, akatoa kadi iliyokunjwa, akampa Mama Kiunga.

"Kuna parachuti mbili humu ndani," alisema polepole. "Ile kubwa naikunja mimi kila tukishuka. Hii ingine ni ya akiba, kubwa ikikataa. Hii hakunji mtu yeyote tu. Anakunja mtu mwenye leseni, anaweka tarehe na sahihi. Pale nilipokuwa nafanya kazi, kila miezi sita inafunguliwa, inakaguliwa, inakunjwa upya, hata kama haijatumika."

Mama Kiunga aliishika kadi mbali na macho ili aisome. Tarehe ya mwisho ilikuwa na miaka mitatu na zaidi, na jina la mji lililoandikwa pale hakuweza kulitamka.

"Na hiki kidude chenye kioo kando yake?"

"Kinafungua ile ya akiba chenyewe kama nimezimia huko juu. Kinatakiwa kuwa na namba hapo."

Kioo kilikuwa cheupe, bila namba hata moja.

"Nilikiona jana jioni," Mbae alisema. Sasa alikuwa akiongea na nyasi. "Na kadi pia. Nikasema nitamwambia Kepteni leo asubuhi. Leo asubuhi nikakuta watu wameshakuja, wamefurahi."

Muziki ulikuwa umezimwa, hakuna aliyejua na nani. Gedion ndiye aliyekuwa wa kwanza kuongea, na hakuongea kama mtu aliyeogopa. Aliongea kama mtu aliyeaibishwa na robo kilo.

"Mimi nimeshaambia watu wa Embu wote," alisema. "Hata pasta anajua. Tukague, tuzungushe betri ya hicho kidude, twende."

Lorna alisogea mbele. Alikuwa msichana mpole, lakini siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya kutembea.

"Kepteni, nikuulize. Ukiwa naye huko juu jambo litokee, nani anajibu? Mko na bima?"

Riungu alinyanyua mikono yote miwili kuelekea mawingu. "Dada yangu, Mungu ni mwema."

Sasa Gedion alikuwa amesikia maneno hayo mara nyingi kuliko mtu yeyote pale. Kuanzia Dallas hadi Runyenjes, hilo ndilo jibu ambalo watu humpa akiwa amefungua mkoba wake na kutoa fomu. Mwenye pikipiki mbovu husema Mungu ni mwema. Mwenye duka la mbao lenye nyaya za umeme zilizochunika husema Mungu ni mwema, halafu anamkaribisha chai. Gedion huamini kabisa kwamba Mungu ni mwema, lakini alikuwa ameona maduka ya mbao yakiungua. Akashuka kutoka kwenye mizani, ambapo alikuwa bado amesimama, akaanza kuvaa viatu alivyovua ili apimwe.

"Wewe kiatu cha nini?" rafiki yake aliuliza.

"Siendi."

Riungu alijaribu kuokoa siku. Akasema Mbae aruke peke yake, watu waone kwamba hakuna shida. Mbae alitikisa kichwa. "Mimi siruki leo," alisema, akaanza kufungua mikanda. Rubani aliamka, akauliza kama ni zamu yake, akaambiwa hapana, akaenda kutafuta kofia. Msichana wa benki alikasirika, na hasira zake zote zikamwangukia Mama Kiunga, ambaye alikuwa ameanza kufunga mizani kwenye bodaboda.

"Umetuharibia siku, mama," Riungu alimwambia.

"Mimi nimepima tu," alisema.

Hakukuwa na kesi wala kelele. Vijana walienda Ruiri wakala nyama ya mbuzi, na Gedion akala kuliko wote, kwa huzuni. Riungu nasikia aliachana na ndege. Siku hizi anakodisha yale majumba ya upepo ambayo watoto hurukia kwenye sherehe, na wanasema hiyo kazi anaiweza.

Kabla ya kuondoka, Mbae alimwandikia Mama Kiunga namba ya kile kituo cha pwani. Alimwambia kama kijana bado anataka kuruka, aende huko, na akifika popote pengine aulize yale aliyouliza Mama Kiunga leo, kisha angoje jibu. Mtu mwenye kituo cha kweli, alisema, hakasiriki ukimwuliza kadi. Anakuonyesha kabla chai haijapoa.

Mama Kiunga alipiga simu Jumatatu. Alipokelewa na mwanamke aliyejitambulisha kama Ann. Alimwuliza juu ya kadi, juu ya leseni ya ndege, juu ya nani anakunja na nani anasimamia, na bima. Ann alijibu moja baada ya lingine bila haraka, akaahidi kumtumia picha. Halafu akageuza mambo. Huyo anayetaka kuruka ana miaka mingapi? Ana kilo ngapi, leo, si mwaka jana? Moyo wake? Magoti? Amewahi kufanyiwa upasuaji?

"Alinihoji mpaka nikasahau nani alimpigia nani," Mama Kiunga alimsimulia Kiogora jioni hiyo.

Swali lake la mwisho kwa Ann lilikuwa kama wanaruka kila siku.

"Hapana, mama. Upepo ukikataa tunakaa chini. Unaweza kutoka Meru mpaka huku na tukuambie urudi nyumbani."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko picha zote.

Harusi ilifanyika Aprili. Gedion aliingia kwa mlango, suti ya buluu, akiwa na kilo mia moja na saba. Nazijua kwa sababu alikuwa amepimwa Ijumaa. Tangu Machi alikuwa akija kila wiki ya pili kutoka Embu kuwaona wakwe, na kabla ya kuwaona wakwe alipitia sokoni kupanda mizani, katikati ya foleni ya vitunguu. Wachuuzi walizoea. Walimkaribisha apite mbele kwa sababu yeye hakuhitaji kufungiwa kwenye neti. Alipunguza chapati, akapunguza soda, akaanza kutembea kutoka Dallas hadi ofisini. Mwezi wa Agosti mkono wa mizani ulisimama kwenye tisini na nane na nusu, na wanawake wa sokoni wakampigia makofi.

Walisafiri watatu kwenda pwani. Lorna ndiye aliyesisitiza shangazi yake aende. "Tata, bila wewe atasema mizani yao ni mbovu."

Kituo kilikuwa nyuma ya hoteli, karibu na barabara ya ndege iliyozungushiwa waya. Mfuko mrefu wa kitambaa ulikuwa juu ya mlingoti, umejaa upepo na kunyooka kwa upande kama mkono unaoonyesha njia. Kwenye chumba kirefu watu wawili walikuwa wakikunja parachuti sakafuni, na hawakuinua kichwa mtu alipoingia. Ann, mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni, aliwapa fomu. Mama Kiunga alihesabu kurasa: nne kila mtu. Alipewa na yeye moja, kwa makosa, akaijaza kwa sababu hapendi kuacha nafasi wazi.

Upepo ulikataa siku ya kwanza. Siku ya pili pia. Gedion alilalamika mpaka akaishiwa, na mtu akiishiwa na malalamiko karibu na jikoni la pwani hugeukia mahamri. Alikula mahamri kwa mbaazi asubuhi, pilau mchana, na jioni akasema viazi karai, vile vinavyokaangwa kwa unga, ni mboga.

Siku ya tatu upepo ulilala. Ann alimpandisha Gedion mizani ya umeme. Ikasema mia moja na moja nukta mbili.

"Pole, bwana," Ann alisema. "Kwa mikanda yetu, mwisho wa mwili ni mia."

Gedion alimgeukia Mama Kiunga, macho yamejaa matumaini. Mama Kiunga alipanda mizani hiyo mwenyewe, akaangalia, akashuka.

"Iko sawa," alisema. "Inanipa sitini na nane, kama nyumbani."

Alikuwa akisema hivyo kama ushahidi tu. Lakini Ann aliangalia fomu mkononi mwake, akaona imejazwa mpaka mwisho, miaka hamsini na saba, moyo mzuri, magoti mazuri, na nafasi kwenye ndege ilikuwa wazi.

"Wewe je, mama?"

Lorna aliziba mdomo kwa mikono. Gedion alisema hiyo ni haki kabisa, kwa sauti ya mtu anayetoa urithi. Mama Kiunga alitaka kuona kadi. Mwalimu aliyepangwa naye aliitoa papo hapo: wiki tano zilizopita, sahihi mbili. Kioo cha kile kidude kilikuwa na namba. Alitafuta sababu ya kukataa, kama anavyotafuta jiwe chini ya gunia, na hakuipata.

Mwalimu huyo aliitwa Njuki, na walipoanza kuongea ikabainika anatoka Siakago, upande wa Embu. Ndani ya ndege, wakiwa wamefungwa pamoja kama mizigo miwili ya punda, waliongea habari za mvua na bei ya ndengu mpaka mlango ukafunguliwa.

"Mama yangu anafikiri nafanya kazi hotelini," Njuki alimwambia sikioni, kwa sauti ya kushindana na upepo. "Kuna kifurushi chake ningependa umpelekee. Usimwambie ukweli, tafadhali."

Mama Kiunga alitaka kumjibu kwamba yeye hana kazi ya kudanganya, lakini wakati huo hawakuwa tena ndani ya ndege.

Baadaye alisema kelele ndiyo iliyomshangaza. Hakujua kwamba hewa ina sauti kubwa namna hiyo. Mashavu yake yalienda nyuma kuelekea masikioni na hakuweza kuyarudisha. Kisha mvuto mmoja wa mabega, na kimya, kimya cha ajabu, miguu yake ikining'inia juu ya minazi midogo kama sukuma wiki.

"Uko sawa, mama?"

"Niko sawa. Tuko kilo ngapi hapa?"

"Na parachuti? Kama mia moja na sitini."

Alitazama juu, kwenye kitambaa kilichokuwa kimewabeba, akakiangalia kwa muda mrefu. Njuki anasema alimsikia akicheka peke yake, kicheko kidogo, kama cha mtu aliyepata kitu mfukoni. Walitua wakiwa wameketi. Lorna alilia. Gedion alimnyanyua shangazi kutoka kwenye nyasi na kumpangusa mchanga, akamwuliza maswali mengi kwa mkupuo.

Wakirudi nyumbani walikata kona kwenda Siakago kupeleka kifurushi. Mama yake Njuki alikuwa mzee mwenye miguu myepesi, aliyekuwa akipura ndengu uani. Alifungua kifurushi, akakuta leso na viatu vya raba, akawakalisha kwenye kivuli cha ghala na kuwaletea uji.

"Na huko hotelini," aliuliza, "mtoto wangu anafanya kazi vizuri?"

Lorna alitazama kikombe chake. Gedion alikohoa. Mama Kiunga aliweka uji chini, akafikiri kwa uangalifu.

"Anawashika wageni vizuri sana," alisema. "Mimi mwenyewe alinibeba."

"Mizigo yako?"

"Mimi na kila kitu."

Yule mama aliitikia kwa kichwa kwa furaha, akamwongezea uji. Akasema Njuki alikuwa hivyo tangu utotoni, ukimtuma maji mtoni hakumwaga hata tone.